Vyuma Kiunoni

Haya nilisimuliwa na dobi mwenyewe, wiki iliyopita, aliponiletea shuka zangu akaomba akae kidogo apumzishe miguu.

Yeye na mama yake wanaishi chumba kimoja, nguo za watu zimening'inia mpaka juu ya kitanda. Alipoanza vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI alikuwa amekonda hata pasi ilimvuta yeye badala ya yeye kuisukuma. Kliniki wakampa na pakiti za lishe, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa na sukari, mbili kila siku.

"Hizi ni zako peke yako," nesi alimwambia. "Dawa hizi hazitaki mwili mtupu."

Lakini mama hana hata jino moja, na nyumbani chakula kilikuwa cha kubahatisha. Siku ya kwanza dobi alimwonjesha kidogo tu. Akamwona akiramba ncha ya pakiti, macho kayafumba, roho ikamwuma. "Kula zote, mama. Mimi nimeshakula zangu kulekule kliniki."

Mwezi mzima ukaenda hivyo. Mashavu ya mama yakajaa. Ya dobi yakazidi kuingia ndani.

Siku ya kupimwa akaogopa. Nesi akiona hajaongezeka, si atauliza pakiti zinakwenda wapi? Basi akachukua chuma cha chini cha pasi mbovu, akakifunga kiunoni kwa kitambaa, akashusha gauni. Mizani ikamsifu. Mwezi wa pili akafunga viwili.

"Weee, dada!" nesi akapiga makofi. "Kilo nne! Umetoka kwenye hatari. Basi lishe tunaisimamisha leo, tuwape wale wa kwenye benchi."

Dobi akahisi baridi ya vyuma tumboni. Akinyamaza, pakiti zimekwisha, za mama na zake. Na vidonge vilikuwa vikimtapisha. Ngazi za kliniki alizipanda kwa kukaa mara tatu. Alikuwa amechoka, amechoka hata kudanganya. Akafungua kitambaa palepale juu ya mizani. Vyuma vikaanguka sakafuni, mshale ukarudi nyuma, ukapita hata pale ulipokuwa siku alipoanza vidonge.

Nesi akainama, akaokota kimoja. "Umekuja kupimwa au kuninyooshea sare?"

Dobi akacheka, kicheko kikageuka kilio. Akasema yote.

"Mama yako mlete naye tumwone," nesi akasema, huku anaandika pakiti upya. "Lakini wewe ukifa, nani atamsagia chakula?"

Nyumbani, mama aliposikia, alijishika uso. "Kwa hiyo mashavu haya ni yako?"

"Mama, basi."

"Basi nini?" Akavuta kigoda, akaketi mbele ya bintiye. "Kula nikuone. Na usinigeuzie mgongo. Nimekunyonyesha mimi, najua unavyomeza."

Dobi akala polepole. Alipofika nusu ya pakiti, mlinzi wake alikuwa keshasinzia pale kwenye kigoda, mdomo wazi, fizi tupu. Jua la saa tisa lilikuwa mlangoni, na nguo za watu hazijaguswa. Dobi akaitazama ile nusu iliyobaki. Mkono ukaanza kuikunja, aiweke chini ya mto wa mama.

Akaikunjua. Akaikamua mpaka mwisho, akairamba, akajilaza juu ya rundo la nguo za watu, usingizi ukamchukua.