Mchicha Nyumbani kwa Mama Bucha

Mimi nauza nyama. Bucha yangu iko pembeni mwa soko, na mtaa mzima ukisikia panga linagonga gogo asubuhi unajua nimeshafungua. Nyama ndiyo iliyonijengea nyumba, na ndiyo iliyomsomesha mwanangu mpaka akapata leseni ya lori. Sasa huyo mwanangu, kati ya wasichana wote waliojaa duniani, akaenda kuniletea mke asiyekula nyama. Ndiyo maana wakasema kwenye miti hakuna wajenzi.

Nilimuuliza binti wa watu kama ni dini. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni daktari kamkataza. Hapana.

"Sijaiweza tu, mama, tangu mdogo. Ikifika mdomoni inarudi."

Haya. Nikampachika jina la Mchicha, akacheka, na jina likamganda. Wateja nao wakapata cha kusema. "Mama Bucha, bahati yetu, mkwe wako anatuachia minofu." Niliwajibu kwa kadiri ya ulimi wangu, na ulimi wangu wanaujua. Lakini mkwe mwenyewe nilimpenda, nisiseme uongo. Aproni yangu ikirudi na damu aliifua bila kukunja uso, na mwanangu akiwa safarini hakunikalia chumbani kama mgeni. Alikaa jikoni na mimi, akichambua dengu zake huku mimi nikinoa visu vyangu.

Kisha akapata mimba, na hapo ndipo roho yangu ilipohamia mkononi.

Tulikuwa na binti, mimi na mzee wangu. Yeye ndiye wa kwanza, huyu dereva akamfuata. Alikwenda kujifungua, damu ikamtoka mpaka ikamwishia, na mtoto wake naye hakukaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo sitaueleza. Nasema tu kwamba Mchicha aliporudi kliniki akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wamempima na damu iko chini, nilitafuta kiti.

Nikaenda bucha, nikachagua ini zuri kuliko yote, nikalipika na vitunguu mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikamwekea mbele yake. Aliniangalia, akaliangalia ini, na kwa ajili yangu akatia kipande mdomoni. Machozi yakamjaa. Alitafuna mara mbili tatu, akakimbilia nje, na nilimsikia huko alivyokuwa akihangaika.

"Unataka kuniulia mjukuu kwa maringo?" nikamwambia aliporudi.

Neno likishatoka halirudi. Alinawa uso, akakaa, akala maharage yake.

Na alikula vizuri, hilo nalo niliseme. Si mtu wa kudonoa. Maharage, dengu, choroko, karanga alizotwanga mwenyewe, majani ya kijani sahani nzima. Mayai alikula, maziwa alikunywa. Mimi niliitazama ile sahani nikaona sungura ndiye anayekwenda kushiba hapo, si mwanamke mwenye mtoto tumboni. Kila siku nilimnunia, na kila siku nilimpikia. Sufuria yake niliitenga, isiguswe na mafuta ya nyama. Hasira yangu ina adabu zake.

Sasa mzee wangu. Mzee wangu alifanya kazi kwenye mitambo ya maji mpaka akastaafu, na nadhani kelele za mashine zilimmalizia maneno yote. Anaweza kukaa na wewe kutwa nzima akasema "ehee" na "sawa", basi. Kazi iliyombakia ni chai. Huichemsha mwenyewe, hataki mtu aiguse, na huichemsha mpaka iwe nyeusi, ukisimamisha kijiko ndani kinasimama. Aliposikia mkwe ana mimba hakusema hata hongera. Alianza kumletea chai. Asubuhi, mchana, jioni, Mchicha akiketi kula, mzee huyo na kikombe. Anakiweka pembeni ya sahani, anarudi nyuma, anasimama mlangoni.

"Sawa?" anauliza akishamwona ameonja.

"Sawa, baba."

Mazungumzo yao yaliishia hapo. Mimi nikaona vizuri, angalau na yeye amepata mtu wa kumnywea chai yake, maana mimi ilinishinda zamani.

Mwezi uliofuata nilifunga bucha nikaenda naye kliniki. Nilikuwa nimejiandaa. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akaangalia majibu, akatikisa kichwa.

"Imeshuka tena. Ukiingia kujifungua na damu hii, ikakutoka kidogo tu, tutakuwa pabaya."

"Si unasikia?" nikamwambia Mchicha. "Nesi, mwambie ale ini. Mimi amenishinda."

Nesi hakunijibu mimi. Alimuuliza Mchicha anakula nini, akatajiwa kimoja kimoja, naye akawa anaitikia kwa kichwa.

"Mama," akaniambia, "chakula hiki ni kizuri. Mjamzito asiyekula nyama, akila hivi na kumeza vidonge vyake, anaweza kupata damu ya kumtosha."

Nilikuwa na jibu lake hapa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

"Ila chai," nesi akamgeukia mkwe wangu. "Uliacha kunywa chai na chakula, kama nilivyokwambia?"

Mchicha akainamisha macho.

"Na vidonge? Unamezea nini?"

"Chai," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie kuisikia.

Nesi akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba ile dawa ya kuongeza damu, na yale madini ya damu yaliyo kwenye maharage na majani, chai huyazuia yasiingie mwilini. Chai nzito ndiyo kabisa. Anakula vizuri, halafu anakifungia mlango chakula chake mwenyewe. Anywe maji, ale chungwa au limau pamoja na mlo, hayo husaidia. Chai akiitaka sana, aiache mbali na chakula. "Na hili nilishamwambia," akamalizia.

Tulitoka. Nilivumilia mpaka getini.

"Ulijua," nikamwambia. "Mwezi mzima mimi nagombana na maharage ya watu yasiyo na kosa, kumbe wewe ulijua!"

"Nilijua, mama."

"Sasa ulikuwa unakunywa ya nini?"

Alisimama, mkono kiunoni kama wanavyosimama wenye mimba kubwa. "Baba hana kingine cha kunipa. Anasimama pale mlangoni mpaka nionje. Ningemwambiaje arudi na kikombe chake? Mimi baba yangu mzazi sikumjua, mama. Sikujua baba anakataliwaje."

Nikamwambia alete huo mkoba nimbebee.

Nyumbani tulimkuta mzee jikoni, birika liko motoni. Mchicha alinivuta nguo nisiseme, lakini mimi kitu kikinikaa kifuani hakilali. Nikamwambia waziwazi: chai yako inamnyima damu, nesi amesema. Mzee aliniangalia, akamwangalia mkwe wake. Akazima jiko, akamimina birika lote kwenye karo, akatoka kukaa nje. Moyo uliniuma. Kuna namna mbili za kusema ukweli, na mimi Mungu alinipa ile moja tu.

Kesho yake mchana Mchicha aliketi mezani na dengu zake, wali, mboga, na chungwa nililomnunulia. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wa katikati uko wazi. Mzee akatokea kwa mazoea, akasimama pale pale pake. Mikono mitupu. Akaitia mfukoni, akaitoa. Nikadhani atageuka aende zake. Akavuta kiti, akaketi, akachukua lile chungwa akaanza kulimenya.

"Dada yenu aliniomba chai," akasema.

Nilisimama na mwiko wangu mkononi. Miaka yote ile, mzee hakuwahi kumtaja binti yetu.

"Siku ile ya kujifungua. Alisema, baba, chai ya hapa ni maji tu, niletee yako. Nikarudi nyumbani kuichemsha. Nilitaka iive vizuri." Alikuwa akilimenya lile chungwa polepole, bila kuinua macho. "Niliporudi na chupa, walikuwa wamemfunika."

Mimi nilijua tu kwamba hakuwapo. Nilimtafuta ukumbi mzima wa hospitali siku ile, sikumwona, nikaamini aliogopa akanikimbia. Sikumuuliza kamwe. Nilimwekea kinyongo hicho nikalala nacho kitanda kimoja, na yeye naye akanyamaza, akachemsha chai. Niliuma kitambaa cha jikoni ili nisisikike.

Mchicha aliweka kijiko chini.

"Baba," akasema, "nikijifungua, cha kwanza kuingia mdomoni mwangu kiwe chai yako. Lakini mpaka siku hiyo, ukae hivi hivi nikila. Kusimama mlangoni sitaki tena."

"Sawa," akasema mzee.

Akakaa. Kila mlo alikaa. Alimmenyea machungwa, akamkumbusha vidonge, akaanza na kuongea, kwanza habari za mitambo ya maji, kisha habari za binti yetu alipokuwa mdogo na mtundu. Nilikuwa nasikia wanacheka huko ndani. Siku nyingine nilibeba sahani yangu nikaenda kukaa nao, na usiku mmoja nilimwomba mzee msamaha, akasema "ehee", akanishika mkono. Mimi nami nikajifunza kuloweka dengu na kuacha kuziita chakula cha njiwa. Damu ya Mchicha ikaanza kupanda, taratibu lakini ikapanda, na nesi akaniambia, "Unaona, mama?" Nikamwambia naona.

Siku ilipofika mwanangu alikuwa bado yuko njiani na lori lake. Tulitoka alfajiri, sisi watatu. Mzee alikuwa ameshika chupa ya chai. Walimpeleka Mchicha ndani, sisi tukabaki kwenye benchi. Ikapita asubuhi, ukapita mchana. Nilimwambia mzee aende nyumbani ale kidogo, achemshe na nyingine, hiyo itakuwa imeshapoa. Alikataa. Aliikumbatia ile chupa, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama.

Alasiri nesi akatuita. Mtoto wa kike, analia kwa nguvu. Na mama yake? Mama yake alikuwa ameegemea mto, amechoka, midomo imekauka, macho yako wazi. Niliinua shuka nikaangalia mwenyewe, sikumwamini mtu. Damu ilikuwa imetulia. Ndipo nikakaa.

Mzee alifungua chupa. Akaimimina kikombeni, nusu ikamwagikia kwenye kisosi. Akaonja kidogo, uso ukamshuka.

"Imepoa, mwanangu."

Mchicha akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Umewahi, baba," akasema, akainywa yote.