Bwana Labda

Fundi wa miguu ya bandia alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake aliijua kama mtu anavyoijua njia ya chumbani kwake gizani. Mpe kigutu cha mguu uliokatwa chini ya goti, akishike kwa viganja viwili, atakwambia mwenyewe anaumia wapi. Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili tangu aiache nyumba yake na kuvuka mipaka miwili kufuata ajira, na bado hakujua namna ya kuingia karakanani asubuhi.

Kwao mtu haanzi kazi kabla ya salamu, na salamu si neno moja. Unauliza kaamkaje, watoto je, na mgongo ule uliokuwa unamsumbua je. Hapa aliwakuta wenzake wawili wameshainamia meza zao. Fundi ngozi, mzee mcheshi aliyeshona mikanda ya kufungia miguu, aliinua sindano juu kidogo, hiyo ndiyo salamu yake. Mpimaji, mwanamke mrefu wa makamo aliyechukua vipimo vya wagonjwa na kuwaviringishia plasta ya kunasa umbo la kigutu, hakuinua hata macho.

"Habari za asubuhi, dada," fundi alizoea kusema.

"Kikombe cha jana kimezidi milimita tatu," ndivyo alivyojibiwa.

Kikombe ndiyo ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu. Kikibana, kinachubua, kikilegea, mtu anaanguka. Kila mmoja wa watatu hao alitoka nchi yake, na lugha waliyoitumia haikuwa ya mama wa yeyote mle ndani. Walikuwa wameiazima, na cha kuazima hakikai vizuri mwilini.

Kimoyomoyo alimwita mpimaji Rula. Fundi naye alikuwa na jina la utani, ila lake lilitajwa waziwazi. Fundi ngozi alimbandika Bwana Labda, kwa kuwa hakuwahi kusema jambo limeharibika. Alisema labda tungetazama tena. Labda kesho. Mama yake alimlea kwa neno moja, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hakuna aliyeona haja ya kumfundisha lingine.

Rula alilelewa kwingine kabisa. "Hii mbaya. Rudia," alikuwa akisema mbele ya mgonjwa na ndugu zake wote, huku akikirudisha kikombe mezani. Mara ya kwanza fundi alihisi amevuliwa nguo sokoni. Akasema, "Sawa," akarudia. Mchana akala peke yake dirishani, akitazama ukuta wa jengo la pili, na tangu siku hiyo kiti kile kikawa chake.

"Huko hamzungumzi?" dada yake alimuuliza kwenye simu. "Basi mnaishi kama vikombe kabatini, mnagusana tu mlango ukifungwa kwa nguvu."

Alicheka. Baada ya simu kukatika, akagundua kuwa tangu asubuhi hakuwa ametumia sauti yake kwa lolote zaidi ya "sawa".

Siku moja alasiri akaja mwalimu wa hesabu, mama wa miaka arobaini hivi. Alikuwa amesafiri kutwa nzima, kigutu kikining'inia kitini. "Sitaki kukimbia," aliwaambia. "Nataka kusimama tu. Nikiandika nimekaa nafika nusu ya ubao, na watoto wa nyuma hawaoni kitu."

Rula akapima, akaanza kuloweka plasta. Fundi aliyekuwa amekishika kigutu akahisi ngozi imekaza na ina joto. Kilikuwa kimevimba kwa safari. Ukikipima hivyo, asubuhi kitanywea, na kikombe kitapwaya. Alimtazama Rula. Amsahihishe mwenzake mbele ya mgonjwa?

"Labda mama apumzike kwanza," alisema. "Labda tumpime kesho."

"Hakuna haja. Kipimo nimeshakipata," Rula alijibu. "Wewe una maoni gani?"

"Sawa," fundi akasema.

Mguu ukatengenezwa. Wiki iliyofuata mwalimu alisimama kati ya vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, akaachia mikono, akapiga hatua ya kwanza na ya pili. Ya tatu kikombe kikazunguka. Alianguka kifudifudi, kifundo cha mkono kikateguka, ule mkono wa kuandikia. Hakulia. Aliomba tu kitambaa afute pua, na hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi.

Mgonjwa alipopelekwa kufungwa bandeji, Rula alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilisema."

"Ulisema apumzike. Nilidhani unamwonea huruma kwa uchovu. Nikakuuliza, ukasema sawa."

"Sawa yangu ilikuwa nimekusikia, dada. Haikuwa nimekubali."

"Sasa hayo ningeyajuaje?"

Asubuhi yake, mbele ya mkuu wa karakana, Rula alijitaja bila kupepesa macho: nimepima kigutu kikiwa kimevimba. Halafu akaongeza, kwa sauti ileile: na mwenzangu aliona, hakuniambia kwa namna ya kueleweka. Kwao fundi, mambo kama hayo yalifunikiwa kombe hata mkubwa akapita, kisha watu wakasuluhishana pembeni. Aliinamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Mchana akaomba ruhusa kuwa anaumwa, na haukuwa uongo mtupu, maana kifua kilikuwa kimebana.

Alikaa chumbani siku tatu. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la sahani moja na kiti kimoja, na siku ya kwanza alikipangusa kile kiti akakisogeza karibu na mlango. Kwao mgonjwa huja kuonwa hata na mtu asiyesemeshana naye, na ugomvi mwingi humalizikia hapo, pembeni ya kitanda. Alisikia nyayo zikipanda ngazi na kupita. Siku ya pili zikapanda nyingine, zikakoma, zikashuka. Siku ya tatu akakirudisha kiti mezani, akaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Ilimshinda, kwa kuwa kila alivyoandika mstari alimwona mwalimu akiomba kitambaa.

Aliporudi kazini alimkuta Rula kwenye kiti cha dirishani.

"Umepona?"

"Nimepona. Hakuna aliyekuja kuniona." Yalimtoka kabla hajayapima, naye mwenyewe akashtuka.

Rula alimkodolea macho. "Nilipanda hadi mlangoni kwako, siku ya pili. Nikashuka. Kwetu mgonjwa huachwa alale. Kumgongea ni kumkosea heshima."

Fundi alikumbuka nyayo zile.

"Nikisema rudia," Rula aliendelea taratibu, "nakisema kikombe. Sikusemi wewe. Wewe ni fundi kunizidi, kila mtu hapa analijua hilo."

"Mimi silijui. Hujawahi kuniambia."

"Kwani ilibidi nikwambie?"

"Ilibidi, dada."

Fundi ngozi akakohoa kwenye meza yake, sindano ikiwa hewani. Rula aliwaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe ukisema labda, una maana gani?"

"Maana yake simama."

Mkono wa mwalimu ulipopona akarudi, tena alasiri, tena kutoka safari. Rula akaloweka plasta. Fundi akakishika kigutu, akasikia joto lilelile. Mwalimu alikuwa anamtazama. Alianza, "Labda...", akaona mikono ya Rula imesimama majini. Akapiga moyo konde, akamalizia kwa ukamilifu: "Kimevimba. Kipimo cha leo hakifai."

"Basi kesho asubuhi," Rula alisema, akamwaga maji.

Kikombe kilikaa. Ijumaa mwalimu alitembea hadi mwisho wa korido na kurudi, akasimama mbele ya ukuta, akanyoosha mkono juu kabisa na kuandika kitu kwa kidole. Rula alitazama, akasema, "Kazi nzuri." Kisha akachukua mkoba wake, akasema tutaonana Jumatatu, akaenda zake. Fundi ngozi naye akaenda.

Jioni hiyo fundi alimpigia mkewe. Alitaka kumweleza, lakini aanzie wapi? "Leo nimesema, mama watoto. Mbele ya mgonjwa."

"Umesema nini?"

"Kwamba kipimo hakifai."

"Ehe," mkewe akasubiri, na kisa hakikuendelea. "Basi vizuri. Ngoja niepue sufuria, usikate."

Simu ikawekwa juu ya meza. Alisikia mfuniko, bomba likifunguliwa, kisha sauti ya binti yake akimcheka mtu ambaye fundi hakumtambua. Kiti kikaburutwa. Wakaanza kula. Mkewe alikuwa amesahau. Fundi alikaa kitandani, simu sikioni, akiisikiliza nyumba yake ikiendelea na mambo yake. Hakuita, kusudi wasije wakashtuka.