Honi Nne Ukumbini kwa Fundi Nyange

Tangu Jumatatu Fundi Nyange alikuwa hakaliki. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda kwenye spika, akifika kwenye spika anabadilisha waya, anarudi kitini mbio mbio kabla wimbo haujamkimbia, anasikiliza beti mbili, kisha huyo, kasimama tena. Mtu angemchungulia dirishani angedhani kiti kina kunguni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa umekwisha kwa honi, zile spika za mdomo mpana kama tarumbeta. Zilikuwa nne, jozi mbili, na si zile ndogo za kwenye minara. Jozi ya kwanza ilikuwa ya chuma. Aliinunua kwa mtu mmoja wa Mtambile, aliyekuwa ameiokoa kwenye sinema iliyofungwa zamani, ikaja mpaka kwake Konde juu ya gari la abiria, imebanwa kwa kamba katikati ya magunia ya karafuu. Mdomo wa kila moja ungetosha kumwogeshea mtoto. Jozi ya pili aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mfenesi, miezi minane ya msumeno na gundi, na hizo midomo yake ilikuwa mikubwa zaidi, kiasi kwamba aliyetaka kupita kwenda chumbani ilimbidi apite ubavu.

Mkewe, Mwanawema, alistahamili sana, na hilo lisemwe. Lakini Jumamosi maulidi ya wanawake yalikuwa kwake, na wanawake thelathini na ushei hawawezi kuketi juu ya honi. Alikwisha kusema: jozi moja ibaki, jozi moja itoke. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Unasikiliza hizi, unasikiliza zile, unachagua, unakunywa chai. Nyange hakuwa anachagua honi tu, na hilo ndilo lililomtoa kitini kila mara.

Palikuwa na kaseti. Aliirekodi mwenyewe miaka ishirini na sita nyuma, katika harusi ya huko Mtambile, siku ambayo kikundi chao cha taarabu kilipiga vizuri kuliko siku zote. Bi Duni, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiimba. Bakar, rafiki yake wa tangu chuoni, alikuwa kwenye rika, kile kidufu kidogo chenye visahani vya shaba ukingoni. Baada ya ubeti wa tatu ngoma zinanyamaza, fidla inanyamaza, rika inabaki peke yake ikitetemeka kwa pumzi moja ndefu, kisha Bi Duni anaingia. Nyange alikipenda kipande kile kuliko wimbo wenyewe. Spika yoyote aliyoitengeneza maishani mwake aliipima kwa kipande kile.

Tangu Ramadhani iliyopita mahali pale palikuwa kimya. Ngoma zinasimama, fidla inasimama, kisha hakuna kitu, kisha Bi Duni anaingia.

Basi ama spika zilishindwa kutoa sauti nyembamba, ama masikio ya Nyange yalishindwa kuipokea. Hilo la pili hakutaka hata kulisogelea. Miaka thelathini, msikiti gani kutoka Konde mpaka Kiuyu haukumwita kuja kutega honi zake? Alikuwa akisimama chini ya mnara, macho kayafumba, mkono kauinua juu, na aliyeko kwenye mashine anazungusha vifungo polepole mpaka ule mkono ushuke. Ukishuka, basi, hakuna anayegusa tena. Masikio yale yalimsomesha binti yake Ummkulthum mpaka akawa mwalimu. Yakiondoka, Nyange atakuwa mzee tu mwenye bisibisi.

Kwa hiyo alizililia honi. Alijiambia kwamba spika zake za zamani zilichoka, kwamba rika inataka honi kubwa, na kwamba katika jozi hizi mbili lazima iwepo moja itakayomrudishia kipande chake. Ikirudi, amepona.

Za chuma zilikuwa na ukali. Sauti ya Bi Duni ilitoka mbele kabisa, ikaja kusimama hapo kwenye mkeka, na fidla ilikuwa na makali ya kukwaruza. Lakini ngoma zilikuwa kavu, na kinanda kilisikika kama kipo ndani ya pipa. Za mfenesi zilikuwa na upole wake. Ngoma zilijaa, zikatembea mpaka kwenye miguu ya kiti, na mwimbaji alirudi nyuma kidogo akakaa pamoja na wenziwe, kama watu walivyokaa siku ile. Tena kanda haikuwa na ule mvumo wake wa tangu zamani, ule wa shhh unaokuja kabla ya wimbo. Jumanne Nyange alifurahi sana kwa hilo. Alimwita Mwanawema kutoka uani, akamweleza kwamba mbao za mfenesi zinakunywa mvumo, jambo ambalo hakulisoma popote na amelivumbua yeye. Mwanawema alisikiliza kidogo, akamtazama, akasema mvumo upo. Nyange akamwambia kwamba haya mambo yana utaalamu wake.

Na kipande cha rika? Kimya kwa chuma, kimya kwa mfenesi.

Akazigeuza zitazame ukuta. Akazipeleka pembeni. Akachora chaki sakafuni kuonyesha kila mguu ukae wapi, akaifuta, akachora upya. Akafungua yuniti za zile za chuma, vile vichwa vya nyuma vinavyotoa sauti, akasafisha utando wake kwa kitambaa cha hariri alichokichukua kwenye sanduku la mkewe bila ruhusa. Akatundika godoro mlangoni. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili alizunguka uani mikono nyuma, akiutukana kimoyomoyo, mpaka uliporudi.

Jumatano ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alizielekeza za chuma dirishani ili apate nafasi ya kusimama mbali, akachukua maikrofoni, akaanza kuhesabu: moja, mbili, moja, mbili. Sasa, kule kwao, honi ikisema mchana kati ya adhuhuri na alasiri, na si adhana, basi kuna mtu amefariki. Hakuna maana nyingine. Waliokuwa mbali hawakusikia maneno, walisikia honi tu, na ikawatosha. Bi Saada, jirani wa upande wa mnazini, alifika na kanga yake kichwani, analia tayari. Nyuma yake walikuja wanaume wanne, wawili wana majembe. Walipiga hodi mara tatu, mara nne, na Nyange alikuwa yupo palepale ukumbini, mgongo kawapa, anahesabu. Mwanawema ndiye aliyetoka jikoni kuwaambia kwamba hajafa mtu, ni Baba Ummu anajaribu honi. Akawapikia chai, maana watu waliokuja kuzika huwarudishi hivi hivi. Walikunywa na kucheka, na mmoja aliuliza kwa utani kwani fundi siku hizi anaitikia hodi kwa barua.

Nyange alicheka nao. Walipoondoka alikwenda kukaa chooni muda mrefu.

Maana alikumbuka la mwezi uliopita. Aliitwa kwenye msikiti mmoja wa shamba, akasimama chini ya mnara kama kawaida yake, akainua mkono, na mkono haukushuka. Akaashiria ongeza. Ongeza. Ongeza tena. Watoto waliokuwa wakicheza karibu walikimbia wameziba masikio, na shehe, mtu mwenye adabu zake, alimshika bega akamwambia nadhani imetosha, Fundi. Njia nzima alirudi akisema watu wa siku hizi wamezoea sauti mbovu.

"Baba Ummu," Mwanawema alimwambia jioni ya Jumatano hiyo, "weye si ukatazame masikio kwanza? Honi hazikimbii."

Nyange alimjibu kwamba kesho Bakar anakuja, na Bakar ndiye mwenye rika yake, na Bakar atasema. Akageuka ukutani akajifanya kalala.

Bakar alifika Alhamisi baada ya saa nne, ametokea shambani kwake Mtambile na kifurushi cha mihogo. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mvi za ndevu tu. Rika hakuishika miaka mingi, tangu kikundi kilipovunjika. Nyange alimsikia, au tuseme alimwona, kwenye baraza akiamkiana na Mwanawema, na maamkizi yale yalikuwa marefu kupita maamkizi. Mwanawema alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na Bakar akitazama viatu vyake. Nyange alitaka kwenda kuyakatiza akaona aibu. Badala yake aliirudisha kaseti mwanzo, akaunga za mfenesi, akaenda akakaa, akainuka, akaenda kuhakikisha waya.

Bakar aliingia, akazishangaa honi kama inavyompasa mgeni, akazipiga zile za mbao kwa kidole, akasema mashaallah. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, goti moja kaliinua. Nyange alibonyeza.

Ngoma ziliingia, kisha fidla, kisha marehemu. Walisikiliza, wazee wawili mchana kweupe, na Bakar alikuwa akitabasamu kwa vitu ambavyo Nyange alivijua vyote: pale Bi Duni alipokohoa, pale mpiga kinanda alipokosea na kujifanya hakukosea. Ubeti wa tatu ukamalizika. Ngoma zikasimama. Nyange alifumba macho, akashikilia kiti kwa mikono miwili, akasubiri. Hakukuja kitu. Bi Duni akaingia.

Alizima.

"Hapo mahali pako," alisema. "Hapo penye rika. Wapasikia?"

Bakar alitoa kofia akaitazama ndani, akaivaa.

"Tepu imechoka hii, ndugu yangu," alisema. "Hata mie hapo sisikii kitu."

Ah. Nyange alihisi mabega yakishuka, yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Labda tangu Ramadhani. Tepu! Kwa nini hakuifikiria tepu? Kaseti ya miaka ishirini na sita, imepita kwenye deki ngapi, joto la miaka mingapi. Kitu cha kwanza kufa kwenye kanda ni sauti nyembamba, hilo hata mwanafunzi wa fundi anajua. Alicheka peke yake. Alimpiga Bakar begani, akamwita Mwanawema alete halua, akaeleza mambo ya kanda na sumaku kwa furaha ambayo hakuna aliyeifuata. Alisema hivi ndivyo, basi sasa tuzipime honi kwa haki, hizi na hizi, tusitazame tena kile kipande, tutazame sauti ya mtu.

Akaunga za chuma. Akairudisha kanda kwenye ubeti wa tatu, akabonyeza, na safari hii hakuwa na haja ya kukimbilia kitini wala ya kufumba macho. Alisimama palepale kando ya mashine, kaegemea ukuta, anamtazama rafiki yake kwa mapenzi.

Ngoma zikasimama. Fidla ikasimama. Ukumbi ukawa kimya.

Na katika kimya kile mkono wa kulia wa Bakar ulikuwa unacheza juu ya goti. Zamani kikundi chao hakikuwa na vyombo vya kutosha, na kila kijana alijifunza kwa goti lake mpaka zamu yake ifike. Bakar alijifunza rika kwa goti miaka miwili. Kidole cha shahada kilikuwa kikigonga, cha pete kikijibu, vile vingine vikitetemeka pamoja, haraka, haraka zaidi, na kichwa kimeinama kidogo upande. Mwenyewe hakuwa na habari. Kisha vidole vikasimama vyote kwa mara moja, na hapohapo Bi Duni akaingia.

Nyange akaelewa. Rika ilikuwapo kandani, na Bakar alikuwa akiisikia. Hakumkasirikia Bakar. Alitamani amkasirikie.

Aliirudisha kanda. Akakivuta kiti, akakiweka pale mkekani, akakaa, mgongo kazipa honi zote nne, uso ukimwelekea Bakar. Bakar aliona macho yake yalipotua. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaufumba, akauficha chini ya kanzu.

"Usiufiche," Nyange alisema. "Ucheze."

"Nyange..."

"Ucheze, bwana. Nipaone."

Alibonyeza kwa kunyoosha mkono nyuma. Ubeti wa tatu ukapita. Ngoma zikanyamaza, na Bakar, machozi yakimlenga, akautoa mkono akaupandisha gotini, akaipiga rika yake yote polepole vile vile ilivyopigwa harusini, na Nyange aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na vidole, akavifuata kimoja kimoja, asikose hata kimoja.

Mwanawema aliingia na sahani ya halua. Aliwakuta hivyo, vichwa viwili vimekutana juu ya goti, na muziki ukiendelea nyuma yao. Akauliza taratibu, kama anayeulizia chumvi, wamechagua zipi.

Nyange alijipangusa uso kwa kiganja.

"Muulize Bakar," alisema. "Mie masikio yashakwenda."