Kitanda cha Jikoni

Jumamosi moja ya Oktoba, Hiske alikwenda kijijini kwa baba yake kumsaidia kuhamisha kitanda. Mama yake Hiske, Baukje, alikuwa amefariki mwezi wa Machi, lakini kitanda chake kilikuwa bado pale pale jikoni, chini ya dirisha, kimetandikwa vizuri kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo kwenda kwa jirani.

Jelmer, mdogo wake Hiske, alikuwa ameazima gari la mizigo kazini kwake. Aliingia akisugua mikono kwa baridi.

"Haya, mzee. Kinakwenda wapi?"

"Kaa kwanza unywe kahawa," alisema Douwe, baba yao.

Wakaketi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuanza.

Hiske alikuwa bado shule ya msingi kitanda hicho kiliposhushwa kutoka juu. Baridi yabisi ilimwanza mama yao mara tu baada ya kumzaa Jelmer. Vidole vilipinda, magoti yakavimba, na ngazi za nyumba zikawa mlima. Daktari alishauri alale sebuleni, mahali penye utulivu. Baukje alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na mlango ulipofungwa akamgeukia mumewe.

"Sebuleni nitafanya nini, Douwe? Nitazamane na saa ya mama yako? Niweke jikoni."

"Jikoni watu hawalali."

"Basi sitalala. Nitapika nimejinyoosha."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku njema aliketi ukingoni mwa kitanda, meza imesogezwa mpaka magotini, akipukuchua maharage kwa kidole gumba kimoja kilichobaki na nguvu. Siku mbaya hakuweza hata kushika kijiko. Alilala ameelekea ukutani, na Douwe akamletea beseni la maji ya moto atumbukize mikono, na nyumba nzima ikanyamaza. Lakini hata siku hizo pua yake ilikuwa kazini.

"Hiske, hicho kitunguu kinataka kuungua. Na wewe Jelmer, shati halikunjwi kama unafunga mbuzi."

Watoto walikuwa mikono yake, na hakuwadekeza. Jelmer aliporudi siku moja amenuna kwa sababu wenzake walimcheka kwamba anapiga pasi, mama yake alimwambia, "Waambie waje na mashati yao, tuone nani atacheka." Wawili walikuja kweli, na mmoja wao akawa fundi kumshinda Jelmer.

"Mnamkumbuka yule mchungaji?" Jelmer aliuliza sasa, akikoroga kahawa yake.

Hiske alianza kucheka hata kabla hajajibu.

Nyumba yao ilikuwa ya baridi, na mahali pekee ambapo unga wa mkate uliumuka sawasawa ni chini ya mfarishi aliojifunika mama, karibu na chupa ya maji ya moto aliyowekewa miguuni. Donge lilifungwa kwenye kitambaa safi likalazwa naye kama mtoto mchanga. Siku hiyo alikuja mchungaji mpya, kijana mrefu mwembamba, kumfariji mgonjwa. Kiti kilikuwapo. Lakini yeye alitaka kuwa karibu na mgonjwa, na kabla mtu hajafungua kinywa, akakaa miguuni mwa kitanda.

Hiske, aliyekuwa akiosha vyombo, aliuona mfarishi ukididimia polepole. Akamtazama mama yake. Baukje aliinua kidole chake kilichopinda akakigusisha midomoni.

Mchungaji akaomba. Aliwaombea wagonjwa, wajane, mabaharia na ng'ombe. Baukje alikuwa amefumba macho, mabega yakimtikisika, na mchungaji, akidhani analia, akaongeza sala nyingine. Aliondoka bila kujua alichokuwa amekalia. Mkate ulitoka tanurini bapa kama kigae cha paa. Waliula kwa siagi na jibini, na mama yao akasema hakuna mkate mwingine katika jimbo zima la Friesland uliowahi kuombewa kiasi hicho.

Jelmer alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Ilikuwa siku mbaya ile," Douwe alisema taratibu. "Ninyi hamkujua. Asubuhi alikuwa amelia kwa maumivu. Nilitaka kumrudisha kijana wa watu mlangoni. Akaniambia, mwache aingie, huenda akanichekesha."

Kisha Hiske akasimama kuondoa mashuka. Alipoinua mto, chini yake aliona miwani ya kusomea ya baba yake na soksi moja ya kijivu.

"Tangu lini, baba?"

Douwe aliangalia kikombe chake. "Juu kuna baridi."

"Tumetoka kwenye kiangazi juzi tu."

"Hata kiangazi." Akakisogeza kikombe, akasema, "Hapa nasikia birika. Nasikia jirani yetu Froukje akipita na baiskeli yake. Kule juu sisikii kitu."

"Sasa ulituitia nini?" aliuliza Jelmer.

"Watu wanasema. Mwanamume mzima kulala jikoni. Nikaona mkishakitoa, nitazoea."

"Watu waliyasema hayo hayo kuhusu mama," Hiske alisema, akaurudisha mto mahali pake.

"Mimi nimeazima gari," alisema Jelmer. "Sirudi mikono mitupu."

Basi kitanda cha jikoni wakakiacha, wakapanda ghorofani kukitoa kitanda kikubwa cha Douwe. Kiligoma kwenye kona ya ngazi, ikabidi kikatwe miguu kwa msumeno. Froukje alisikia vishindo akaja kuangalia. Alikaa kwenye kitanda cha jikoni, kama alivyozoea miaka yote, akaanza kueleza habari za nyonga yake, na Douwe akamsikiliza huku akikoroga supu ya njegere. Ilikosa chumvi kidogo. Wote waliongeza sahani ya pili.

Baada ya chakula Douwe alisema chumba cha juu, kwa baridi yake, kingefaa kuhifadhi matufaha. Mti wa nyuma ya nyumba ulikuwa umezaa sana mwaka huo. Hiske na Jelmer, waliokuwa wamekwisha kuvaa makoti ili waondoke, wakaghairi, wakatafuta vikapu, wakatoka kwenda kuchuma.