Tunga Shanga Ukiwa Nyumbani

1.

NAFASI ZA KAZI! KINA MAMA TU!
Tunga shanga nyumbani kwako, sisi tutazinunua zote. Elimu haihitajiki. Usaili hakuna. Lipia kifurushi cha shanga LEO, nafasi zinakwisha.

2.

Nakiete alilisoma tangazo hilo kwenye simu huku akimlisha mama mkwe uji. Tangu kiharusi kimwangushe bibi huyo wakati wa masika, Nakiete hakurudi tena stendi ya Same kuuza vitumbua. Mama mkwe naye hakutamka hata neno moja.

3.

Wewe unayesoma, usimcheke. Ungekuwa wewe, ungeipiga namba iliyokuwa chini ya tangazo.

4.

Nakiete akapiga, akaweka spika.

"Mama yangu, una bahati," mwanamume alisema, akakohoa kikohozi kikavu. "Tuma hela ya kifurushi sasa hivi."

"Kwa nini nilipe ndipo nipewe kazi?"

"Utaratibu wa kampuni."

"Ofisi yenu iko wapi?"

"Tuko mtandaoni, mama."

"Basi niunganishe na mtu mliyekwisha kumlipa."

Akakohoa tena.

"Atakupigia."

5.

Namba nyingine. Sauti nyembamba, ya kike:

"Mwenzangu, mimi nimeezeka nyumba kwa shanga hizi! Tuma tu, wasije waka—"

Kikohozi. Kikavu. Kizito.

6.

"Yuleyule."

7.

Nakiete aligeuka. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

"Mama? Umesema?"

Mdomo uliopinda ulikuwa unacheka. Nakiete akakata simu, akamkumbatia bibi, uji ukawamwagikia wote wawili.

8.

KIKUNDI: KINA MAMA WA VITUMBUA

*Jamani, anayetaka umlipe ndipo akupe kazi si mwajiri. Mwulize ofisi, mwulize waliolipwa, na usitume kitu. Halafu mama kasema!!!*

*Hongera!*

*Kasema nini?*

*Mungu mkubwa.*

Kando, faraghani, kutoka kwa Eliaichi, dada wa mumewe:

*Wifi, na kama mtu ameshatuma?*

*Usifute meseji zao. Njoo, twende polisi pamoja.*

*Kaka asijue.*

*Njoo kwanza, wifi. Uji upo.*

9.

Eliaichi alikuja, macho mekundu. Alipomsikia mama yake akisema "yuleyule", tena na tena, kama mtoto aliyepata kitu kipya, akasahau kulia.

Simu ikaita. Ile namba ya kwanza.

Wakatazamana. Mama mkwe akanyoosha mkono wake mzima, akadai apewe. Nakiete akampa.

"Haloo, mama yangu, umeshatuma?"

Bibi akavuta pumzi. Midomo ikahangaika kutafuta neno jingine, na wale wawili wakainama karibu, wakisubiri alitamke.