Goti la Bihua

Vibao viwili vya ramli vilidunda sakafuni, kimoja kikaviringika mpaka chini ya meza ya sadaka, na vyote viwili vikatulia pande zake bapa zikitazama juu. Babu wa Ardhi, mungu wa hekalu lile, alikuwa amecheka. Hiyo ilikuwa mara ya nne jioni ile, na Tingkok, aliyepiga magoti na kofia ya baiskeli ingali kichwani, alianza kuhisi kwamba anachekwa yeye binafsi.

"Vua kofia kwanza," alisema Bibi Ahim, mtunza hekalu, bila kuacha kufagia. "Umekuja kuongea na Babu au unaogopa atakugonga?"

Tingkok akavua. Kwa maoni yake alikuwa ameuliza vizuri tu. Je, nimpandishe mke wangu treni kesho arudi nyumbani Taichung, mimi nimalizie kuzunguka kisiwa? Kicheko. Turudi wote wawili? Kicheko. Tukae hapa mpaka goti lipungue? Kicheko. Akarudia lile la kwanza kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi, na Babu akacheka tena. Vibao havina siri. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, umekubaliwa. Migongo yote juu, umekataliwa. Bapa zote juu, Babu anacheka, nenda kajipange.

Na Tingkok hakuwa mtu wa kujipanga mara mbili. Mpaka alipostaafu alikuwa ananyoosha magurudumu kwenye kiwanda cha baiskeli. Alilizungusha gurudumu, akalisogezea sikio, akazigusa spoku moja moja kama mpiga gitaa, na iliyolegea aliijua kabla jicho halijaiona. Kiwanda cha jirani ndiko mkewe, Bihua, alikokuwa anashona mahema. Mahema yale yalipanda meli kwenda kulaza wageni kwenye milima asiyoijua. Yeye alipanda pikipiki kwenda nyumbani kupika. Walipostaafu, binti yao Yafen alitegemea watahamia kwake kulea mjukuu. Wao wakanunua baiskeli mbili na hema moja. "Tusipozunguka kisiwa sasa," Bihua alimwambia mumewe, "basi tujue tumeshazeeka."

Usiku wa kwanza hemani Bihua hakulala. Alimulika kila mshono kwa tochi. "Hapa mtu alishona huku anapiga soga," alisema. Tingkok akamwambia azime tochi, soga imeshaisha.

Njiani Tingkok alitangulia, bahari ikiwa kulia kwao, mkewe nyuma. Tangu mji wa Chiayi alikuwa akipaza sauti bila kugeuka, "Mama Yafen, spoku yako ya nyuma imelegea." Kweli, ilikuwa imelegea. Lakini goti la Bihua, lililokuwa likilia tangu huko huko Chiayi, sikio lile la kiwandani halikulisikia hata siku moja. Mpaka leo, walipofika kwenye hekalu hili dogo kuomba uwanja wa kulala, Bihua aliposhuka, mguu ukakataa. Alikumbatia nguzo, akasema anatazama nakshi. Nguzo ile ilikuwa ya saruji tupu.

Kesho kulikuwa na mlima wa Shouka, na kesho hiyo hiyo treni ilisimama kwenye kituo cha kijiji. Mtu ilibidi aamue. Tingkok aliona afadhali mtu huyo awe Babu wa Ardhi.

"Umemwambia mwenye goti ni nani?" aliuliza Bibi Ahim.

"Mke wangu."

"Wake wa watu kisiwa hiki wamejaa. Jina, anwani, siku ya kuzaliwa. Babu atamtafutaje?"

Tingkok akataja jina, akataja anwani, akataja tarehe.

"Hiyo ni ya kitambulisho," alisema Bibi Ahim, akiegemea ufagio. "Babu hasomi kitambulisho. Ya kalenda ya mwezi je? Ile mama yake aliyoijua?"

Tingkok hakuijua; akainua macho kwenye madhabahu. Pembeni ya sanamu ya Babu, mkewe Babu, naye sanamu, alikuwa ameketi, mdogo, mashavu mekundu.

"Mimi siku zote nasema anayecheka ni yule," alisema Bibi Ahim, na akarudi kwenye kazi yake.

Uwanjani Bihua alikuwa ameshasimamisha hema. Sakafu ilikuwa ya saruji, vigingi havikuingia, kwa hiyo kamba moja aliifunga kwenye baiskeli ya mumewe, nyingine kwenye ndoo iliyojaa maji. Alikuwa amekaa, mguu kaunyoosha juu ya mkoba, anamenya chungwa.

"Mama Yafen," alisema Tingkok, "hivi wewe ulizaliwa lini? Kwa kalenda ya mwezi."

"Unanifanyia sherehe?"

"Kuna mtu anauliza."

Bihua akatazama mlango wa hekalu, akatazama kofia mkononi mwa mumewe, akatazama magoti ya suruali yake yaliyojaa vumbi. "Umeenda kumwuliza Babu habari zangu."

"Za goti."

"Goti lina mwenyewe. Mwenyewe yuko hapa mlangoni anakula chungwa. Kwa nini hukuja kuniuliza mimi?"

Tingkok akajikuna kichwa. "Niliogopa utasema twende."

"Na ningesema turudi?"

Tingkok akaigeuzageuza kofia mkononi. "Hapo ningeogopa zaidi."

Bihua akampa kipande cha chungwa. Kisha akajiinua. Alikataa mkono wa mumewe mpaka walipofika kwenye kizingiti cha hekalu, ambacho kimeinuka na lazima ukivuke. Hapo akaukubali, akaubana kweli kweli.

"Usipige magoti," alisema Bibi Ahim. "Babu mwenyewe hajasimama siku nyingi."

Bihua akataja jina lake na anwani. "Nimezaliwa mwezi wa kwanza," akasema, "siku mbili baada ya Sikukuu ya Taa."

Tingkok akahisi masikio yanapata moto. Kila mwaka, siku mbili baada ya Sikukuu ya Taa, mkewe alipika tambi nyembamba ndefu na miguu ya nguruwe. Chakula cha siku ya kuzaliwa, mtoto mdogo anajua. Na kila mwaka yeye alikula, akaomba bakuli la pili, akasema mchuzi leo umekolea.

Bihua akanong'ona swali lake na kuvirusha vibao. Kimoja bapa, kimoja mgongo.

"Umekubaliwa," alisema Bibi Ahim.

"Umeuliza nini?" alisema Tingkok.

"Wewe umeuliza yako, mimi nimekuuliza?"

Asubuhi Bihua alitangulia. Alifunga hema, akamwaga maji ya ndoo, akapanda. Tingkok akamfuata. Kwenye kituo cha treni mkewe alipunguza mwendo, akalitazama jukwaa tupu, na Tingkok akashika breki zote mbili. Lakini gurudumu la Bihua, mbele yake, likaendelea kuzunguka. Likakipita kituo.

Mlima ulipoanza, Bihua alishuka na kuanza kusukuma. Tingkok, aliyekuwa akiwaambia watu kiwandani kwamba mwenye kusukuma baiskeli angenunua toroli, akashuka pia. Lori la vitunguu likapunguza mwendo kando yao.

"Wazee, niwapakie?"

"Tangulia," alisema Bihua. "Ukirudi ukatukuta tumekaa, hapo utuulize tena."

Lori likapotea kwenye kona. Barabara ikanyamaza. Spoku ya nyuma ya Bihua ilikuwa imelegea tena, Tingkok aliisikia vizuri, na mdomo ulimwasha. Hakusema. Chini ya sauti ile kulikuwa na nyingine, ndogo, kavu, inakuja kila mkewe anapokanyaga kwa mguu wa kushoto, ule wa goti. Akaitegea sikio. Akafupisha hatua zake mpaka zikaenda sawa nayo, na ilipokawia, naye akakawia.