Kuni za Mama Muturi

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Muturi, pale Kitale, ni kwamba asubuhi alisalimia mti wake kabla ya watu. Alitoka na kikombe cha chai, akashika yale majani mekundu, akauliza, "Umeamkaje?" Mimi, msichana wake wa kazi, nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo. Sikuulizwa.

Ulikuwa mti mdogo wa Kijapani, unaitwa mepo, majani yake kama vidole vya mtoto. Mwanawe Muturi, anayeishi ng'ambo, ndiye aliyemnunulia. Ulipandwa kando ya veranda, penye kivuli, na kuumwagilia ikawa kazi yangu.

Januari ya 2004, baridi na ukavu vilipokuja, majani yote yakaanguka. Mama Muturi akaniita mbele ya wenzake wa kanisa.

"Nabwile, uliumwagia maji ya sabuni, si ndiyo?"

Nikaangalia miguu yangu. Mbele za watu ulimi wangu hukauka.

"Mwoneni, ati ananyamaza! Darasa la sita, hata kumwagilia mti hujui. Ng'oa hizo kuni uende nazo kwenu Bungoma, mkapikie chai."

Wakacheka. Niliung'oa na udongo wake, nikautia kwenye gunia, nikarudi kwetu Bokoli, huko Bungoma. Baadaye nilipotafuta kazi tena Kitale, kila nyumba ilikuwa imesikia kwamba naharibu mali ya watu.

Nilitaka kuuchoma, nione moto ukiula. Niliuweka nyuma ya jiko, chini ya migomba, nikingoja siku ambayo hasira yangu ingefurahia. Mvua ya Machi ikatangulia. Kwenye vijiti vile vikatokea vichipukizi vyekundu. Kumbe ulikuwa umelala tu.

Nikaupanda palepale kivulini, nikaufunika shina kwa majani makavu ya migomba ili udongo usikauke. Kila nilipoumwagilia nilitaja jina la Mama Muturi, na haikuwa kumwombea.

Mwaka uliofuata akasikia kwa watu kwamba mti uko hai, akaja na gari lake.

"Nabwile mrembo, nimefuata mti wangu. Muturi anarudi Desemba, atauulizia."

Mama yangu, Nanyama, akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mti gani tena, dada? Si ulitupatia kuni? Zetu tunazichoma polepole, bana."

Mama Muturi hakucheka. Akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuaibisha bure."

Nikachukua panga. Akatabasamu, akidhani naenda kuchimba. Nikakata tawi, nikamwekea mikononi. Akaondoka nalo, majani yakimgusa shingo, bila kuaga.

Mama huwaambia majirani nilifanya vile kwa sababu Mama Muturi aliomba msamaha kwa mdomo tu. Mimi hunyamaza. Lakini aliuomba kwa moyo. Niliona machoni pake, na ndipo nikaacha tawi dogo nililokuwa nimelishika, nikakata lile kubwa, hasira yangu ikifurahia.